Jicho la Mama Rachelle

Wazungu wa Minneapolis walimlipa Nyiraneza ili awadharau. Usicheke, ni kweli. Watu wazima, wenye nyumba zao na mbwa wao, walikata tiketi, wakaketi gizani na mpiga piano wao pembeni, wakamtazama mama wa Kikongo kutoka Brooklyn Center akiwabenulia mdomo kwenye kitambaa kikubwa cheupe. Walipomaliza kudharauliwa wakapiga makofi. Yeye alisimama mbele yao, akainamisha kichwa kidogo tu. Kuinama zaidi ya hapo aliona ni kujishusha.

Yote yalianzia kwenye basi. Jamaa mmoja alikuwa amepandisha viatu vyake vya theluji na matope juu ya kiti, na mwanamke mwenye mtoto amesimama. Nyiraneza hakusema neno. Kiingereza chake siku zile kilikuwa cha kununulia maziwa. Alimtazama yule jamaa kuanzia viatu, akapanda taratibu mpaka kofia, akashuka tena mpaka viatu, kisha akasonya. Jamaa alishusha miguu. Kituo kilichofuata akateremka kabisa, na hakikuwa kituo chake, maana alibaki amesimama pale kwenye baridi akilitazama basi linavyomwacha.

Kiti cha nyuma alikuwa ameketi mwanamke mmoja mrefu, jina lake Solveig, kazi yake kutengeneza filamu bubu. Ndiyo, filamu bubu, miaka hii hii ambayo hata friji inaongea! Picha nyeusi na nyeupe, watu wanafungua midomo hakitoki kitu, halafu maneno yanakuja yameandikwa kwenye ubao. Solveig alimfuata mpaka mlangoni kwake akimwomba, kwa ishara na kwa simu ya kutafsiri, amfanyie tena lile jambo la mdomo.

Lile jambo la mdomo! Nyiraneza hakulisomea. Alilipata sokoni Uvira, alikouza ndagala kabla vita havijawatoa, mbele ya wateja wanaoshika samaki wote, wananusa samaki wote, halafu wanasema watarudi kesho. Huwezi kumpiga mteja. Unamwangalia tu, na akiwa na haya hata kidogo atanunua.

Basi akawa mwigizaji. Si mwigizaji mkuu, hapana. Wakuu walikuwa wasichana wembamba waliojua kuzimia vizuri. Yeye alikuwa yule mtu mwingine ambaye bila yeye hadithi haiendi: mwenye nyumba anayemfukuza mjane, mama mkwe, mke wa hakimu, mtawa mkali, mpiga ramli anayejua wazi kwamba mteja wake ni mjinga. Wasichana walibadilika kila filamu. Waliolewa, wakahamia California, wakasahaulika. Nyiraneza alibaki. Wako mashabiki waliokuja ukumbini wakiwa wamejifunza kukata jicho kama yeye, wakalikata vibaya, na yeye akawaonea huruma.

Nyumbani kwake hakuna aliyejali. Mumewe, Sosthène, ndiye yule mzee ambaye kanisa zima linamwita akasemee familia za watu kwenye posa, kwa kuwa anaweza kuongea mpaka chakula kikapoa. Alikwenda ukumbini mara moja, akalala, akaamka taa zilipowashwa. "Filamu gani haina maneno?" alisema ndani ya gari. "Hata redio ina maneno." Na kanisani, mtu akiuliza Mama Rachelle anafanya kazi gani, akina mama walijibu, "Anakunja uso, Wazungu wanafurahi," wakacheka. Nyiraneza aliwaangalia. Wakaacha kucheka.

Taabu ilikuwa moja: uso wenyewe haukukubali kuachwa kazini. Pacifique, kijana wa watu, alikuja kumsalimia Nyiraneza, mama wa mchumba wake Rachelle, akiwa ndani ya suti, akaanza kueleza kampuni atakayoifungua, ya kusafirisha magari, au ikishindikana ya kuuza manukato, au zote mbili. Nyiraneza hakumkatiza. Alimtazama. Pacifique akapunguza sauti, akapunguza kampuni, akamaliza soda yake, akaaga, na Rachelle hakumwona tena. Mama akasema amemwokoa. Rachelle alilia siku nyingi, na tangu hapo kila mwanamume aliyempenda, Rachelle humwacha nje kwenye maegesho, ndani hamwingizi.

Sasa Rachelle alikuwa ametimiza miaka thelathini na mitatu, anamalizia masomo ya unesi Saint Paul huku anafanya kazi, na amempata Jotham, Mkenya wa Blaine, fundi wa kompyuta, mpole, anayesali. Wakwe walikuwa wanakuja Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa. Rachelle alimkalisha mama yake jikoni, akamshika mikono yote miwili.

"Maman, nakuomba. Ukimwangalia Jotham vile ulimwangalia Pacifique, sitakusamehe. I'm serious."

"Nitamwangaliaje sasa? Macho nimepewa na Mungu."

"Wewe si ni mwigizaji? Igiza kama unawapenda."

Hilo lilimchoma Nyiraneza, na hapohapo likamfurahisha. Kwa miaka yote hiyo hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kumwita mwigizaji.

"Nimekuahidi," alisema. "Hata wakileta nyani, nitatabasamu."

Alikwenda kujifunza kwa Solveig, kwenye ghala lao la zamani karibu na mto. Ilikuwa aibu. Tabasamu la kwanza lilimshtua mpiga picha. La pili lilikuwa la mtu anayeumwa jino. Mwishowe Solveig akamwambia aache kufikiria watu, afikirie kitu anachokipenda kweli. Nyiraneza akafikiria ndagala waliokaangwa kwa pilipili, ugali wa muhogo unatoka mvuke, na hakuna wa kugawana naye. Uso ukafunguka. Solveig alishika kifua kwa furaha. "Usiuvunje mpaka niseme basi," alimwambia, kama anavyowaambia wote, na Nyiraneza aliushikilia mpaka mpiga picha akaenda kula akarudi. Kuvunja uso kabla ya kuambiwa basi ni tabia ya wale wasichana wa kuzimia. Yeye hakuwa wa hivyo.

Jumamosi wageni wakaja, magari yakajaa mpaka barabarani. Mama Jotham, Kerubo, nesi mstaafu, aliingia akichechemea, ameshikwa huku na huku. Msemaji wao alikuwa Nahashon, baba mdogo wa Jotham, mtu wa tai ya njano na sauti ya kuita mnada. Wakaanza: tumeliona ua, tumeomba njia, tumepotea. Upande wa binti ukajifanya haujui ua gani. Wakabishania ng'ombe mpaka soda zikaisha gesi, watu ambao ng'ombe wa mwisho wamemwona kwenye pakiti ya maziwa! Sosthène, kwa kuwa baba wa binti hajisemei mwenyewe siku hiyo, alikuwa ameketi amefunga mdomo, mishipa ya shingo imemtoka, anateseka waziwazi. Mama wa binti naye hasemi. Kazi yake ni kukaa mbele ya watu na kutazamwa, na wageni humsoma usoni kujua kama wamekubalika. Nyiraneza akawaambia moyoni, haya, karibuni kazini kwangu.

Na alikuwa hodari, hilo hata adui yake atakiri. Nahashon alipomwita "mama yetu mpya" huku anamrushia mate, alitabasamu. Kerubo alipoonja sambusa akairudisha kwenye sahani, alitabasamu. Jotham alipomsalimia kwa mikono miwili bila kumtazama usoni, alitabasamu mpaka akina mama wa kanisa wakanong'onezana kwamba labda Mama Rachelle ameokoka upya. Ndani kwa ndani alikuwa anawasonya wote, mmoja mmoja kwa zamu, na hapakuwa na mshipa hata mmoja uliomchongea. Alitamani Solveig awepo na kamera yake.

Rachelle akaletwa, amejifunga vazi la mshanana la kijani begani, macho chini kama desturi inavyotaka. Binti hasemi mpaka aulizwe, na swali ni moja tu. Akisema ndiyo, mambo yamekwisha. Akisema hapana, yamekwisha pia, ila hakuna mtu aliyewahi kumsikia binti akisema hapana mbele ya familia mbili zilizokwishaanza kunusa pilau.

Nahashon akasafisha koo.

"Sisi tumefurahi sana. Sasa mnaona mama yetu hapa, magoti yamekataa. Ame-work miaka mingi na wazee wa watu kwa zile home, anajua vile huko hukaa. Amesema yeye haendi huko ng'o. So tumekubaliana na Jotham, Rachelle aki-move Blaine ataacha kazi, ataacha na shule, akae na mama. Shule si haraka. Mungu akipenda ata-finish siku moja."

Ukumbi ukapiga makofi! Wapige kwa nini wasipige? Masomo hayakuwa yao. Wale wale waliokuwa wakijigamba kanisani kwamba binti yetu atakuwa nesi, walipiga makofi mpaka bangili zikalia. Rachelle aliinua kichwa. Alimtazama Jotham, na Jotham alikuwa anachunguza zulia kama mtu aliyeangusha kitu. Alijua. Alikuwa anajua siku zote, na amenyamaza.

"Binti yetu," msemaji wa nyumbani akauliza, "wageni hawa tuwapokee?"

Rachelle akageuka, akamtazama mama yake.

Nyiraneza aliyaona macho yale, makubwa, hayapepesi. Na hasira ilikuwa imekwisha kumfika kooni. Aache shule? Mtoto aliyesomea kwenye basi, aliyesomea kwenye mapumziko ya kazi, akawe yaya wa mwanamke anayerudisha sambusa? Mdomo ulianza kujibenua wenyewe. Akauzuia. Mtoto ananichunga, aliwaza. Anaogopa nitaharibu dakika ya mwisho. Anafikiri mimi mama yake sijui kazi. Hapana mwanangu, ahadi ni ahadi. Akawafikiria ndagala. Akafikiria pilipili. Akaufungua uso kuliko mwanzo, akaongeza na kuitikia kwa kichwa kidogo, taratibu, kwa upendo. Katika maisha yake yote hakuwahi kuigiza vizuri namna ile, na alilijua hilo wakati huohuo, na likampa raha.

Rachelle alisubiri. Msemaji akarudia swali. Rachelle akasubiri tena, macho yake hapohapo usoni kwa mama yake, na tabasamu halikutikisika.

"Ndiyo," alisema Rachelle.

Vigelegele vikapasua ukumbi. Sosthène, aliyeruhusiwa sasa kufungua mdomo, alisimama akaanza hotuba ambayo hakuna aliyeisikiliza.

Nyiraneza alimkuta binti yake jikoni nyuma ya ukumbi, anapanga soda kwenye trei. Bado alikuwa na uso wake wa sherehe, hajauvua, alitaka asifiwe kwanza.

"Umeona? Hata mshipa mmoja! Nahashon amenitemea mate, nikatabasamu."

"Nimeona."

"Sasa umenunia nini?"

Rachelle aliweka chupa chini. "Nilikutazama, Maman. Nilisema moyoni, mama akimkata jicho huyu mzee, mara moja tu, mimi nasema hapana. Wote watanisema, papa atanisema, lakini mama yangu atakuwa upande wangu."

Tabasamu la Nyiraneza lilibaki pale midomoni bila mwenyewe.

"Nilifikiri unaogopa nitakuaibisha."

"Si nilikuwa naogopa? Niliogopa kusema peke yangu. Umemdharau kila mtu katika mji huu. Majirani, pasta, watu wa basi. Pacifique wangu ulimdharau, na hakuwa amekukosea kitu. Leo mtu amesimama mbele yako anatupa maisha yangu, unamchekea."

"Basi twende!" Nyiraneza alimshika mkono, na uso ulikuwa umerudi, ule wa kweli, ule wa sokoni. "Twende pale pale nimwambie, mimi nitamwambia kwa mdomo, yeye na tai yake. Nitamwambia na Jotham wake."

"Wameshaomba, wameshabariki. Wanakula." Rachelle aliutoa mkono wake polepole. "Nilikuomba usimdharau Jotham, Maman. Sikukuomba unidharau mimi."

Nyiraneza alifungua mdomo, akaufunga. Akafungua tena. Huko ukumbini Sosthène alikuwa bado anaongea.

Rachelle akabeba trei. Mlangoni alisimama kidogo, akavuta pumzi, akautengeneza uso wake, paji, mashavu, midomo, kila kimoja mahali pake, akaingia akitabasamu kwa upendo mtupu. Akampa Kerubo soda kwanza, kwa mikono miwili, amepiga goti.

"Mnaona huyu!" Kerubo aliwaita watu wake, anamshika binti shavu. "Si amefanana na mamake kabisa!"