Kundi la Saiti

Asubuhi, kabla mashine ya zege haijawashwa, Scolastika alipita chini ya mbao za ghorofa ya pili taratibu, kama mtu apitaye porini kwao Ushetu. Mirunda iliyoshikilia mbao hizo ilisimama safu kwa safu. Mwanga ulichuruzika juu yake, miti bado ikinuka utomvu. Mji wa Kahama ulisikika kwa mbali, kama uko ng'ambo ya usingizi.

Aliegemea mrunda mmoja wa kona. Ukacheza.

Akainama. Mvua ya usiku ilikuwa imegeuza udongo kuwa uji, na kona nzima ilikuwa imetitia. Mirunda kumi na minne ilining'inia tu, haikubeba kitu.

Scolastika alikuwa mfunga nondo, na kwenye saiti hii hakuna aliyeajiriwa bila simu janja. Maagizo yote yalipita kwenye kundi la WhatsApp. Alipiga picha, akafungua kundi. Mahali pa kuandikia palisomeka: wasimamizi pekee ndio wanaoweza kutuma ujumbe. Lilifungwa wiki iliyopita, baada ya Makoye kuuliza glavu zitaletwa lini na watu thelathini kumwekea dole gumba.

Akamfuata fomeni.

"Shikamoo kaka Maige."

"Marahaba. Mbona hujapanda? Tunamwaga zege saa tatu."

"Mirunda ya kona imetitia. Njoo uione."

"Injinia ameshapitisha." Maige alimwonyesha simu, tiki ya kijani chini ya picha.

"Hiyo ni picha ya jana, kaka. Mvua imenyesha usiku."

"Yuko Mwanza, kwenye kikao. Hapokei."

"Basi mtumie hii. Wewe kundi linakuruhusu."

Maige aliitazama picha kwa muda mrefu. Kule Geita alishawahi kufukuzwa kazi. "Nikiituma wataniuliza nilikuwa wapi. Panda, Scola."

Mashine ikaanza kunguruma. Watu arobaini walijipanga kwenye ngazi ya mbao kupokezana makarai, Scolastika katikati yao. Karai la kwanza likamfikia. Akaliweka chini. La pili, chini.

"Dada, unatuzuia!" Makoye alipaza sauti kutoka nyuma yake.

"Yaya," alijibu kwa Kisukuma. Hapana. "Nenda kona ile ukaguse mrunda, halafu urudi unipe karai."

Makoye alishuka. Aliporudi, matope yalikuwa yamemfika kwenye vifundo vya miguu. Akaketi. Aliyekuwa nyuma yake akashuka kuona, naye akaketi. Mashine ilizunguka peke yake, na juu ya ngazi watu walikaa kwenye jua jepesi kama ndege kwenye waya.

Maige aliwapiga picha, akaandika "mgomo", akaituma kwenye kundi. Injinia alipiga simu kabla dakika haijaisha.

"Washa kamera," alisema. "Nani kawaambia waketi?"

Maige alizungusha simu kwenye ile ngazi, kisha, bila kuambiwa, akashuka nayo mpaka kwenye kona. Akausukuma mrunda kwa kidole. Ukacheza.

"Wekeni mawe. Ongezeni mirunda," alisema Injinia.

Mpaka saa nane kona ilikuwa imara. Zege likamwagwa, na Scolastika akapokea kila karai lililomfikia.

Jioni simu zote ziliita pamoja. Injinia alikuwa ameandika: "Hongera fomeni Maige kwa kugundua hatari mapema. Hii ndiyo faida ya mawasiliano ya kisasa." Scolastika alikuwa hajamaliza kusoma mstari wa pili ilipotokea taarifa kwamba ameondolewa kwenye kundi.

Maige alimkuta akinawa mikono.

"Si mimi, Scola. Imetoka juu. Kesho usije mpaka upigiwe."

"Atanipigia nani?"



Vumbi la jioni lilikuwa limegeuka dhahabu. Scolastika alisimama getini huku wenzake wakitoka, wengine wakimwangalia, wengine wakiona haya. Aliwahesabu kimoyomoyo, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Walitimia wote, wazima. Akaondoka.