Mama Mkwe Mkekani

Mama Mapazia alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na thelathini kati ya hiyo aliimaliza kwenye kiti cha cherehani. Jina hilo alipewa kwa sababu hakushona kingine: si gauni, si sare, mapazia tu. Vidole vyake vilikuwa na nguvu za koleo kwa kukata vitambaa vizito, lakini kuanzia kiunoni kushuka chini, mwili ulikuwa umestaafu bila hata kumuaga.

Aliligundua hilo siku alipopeleka mapazia ghorofa ya tatu. Alipumzika ngazini mara mbili, na mara ya pili mteja mwenyewe, mwalimu mstaafu mwenye mvi kichwa kizima, alishuka akamtwalia furushi, akapanda nalo akipiga mluzi. Mwingine angenuna. Mama Mapazia aliyatundika mapazia, akayanyoosha mikunjo, akashukuru, na alipofika barabarani akajisemea, “Huu mwili ni wangu. Utarudi kazini.”

Hatua chache kutoka dukani kwake palikuwa na karakana ya matairi, na juu ya karakana ukumbi wa judo. Miaka yote alivisikia vishindo vya watu wakianguka humo, asijue ni wazima au wamevunjika. Jumanne, saa kumi na moja jioni, alipanda kwenda kuona. Mwalimu alikuwa mwanamke mwembamba ambaye mchana alifanya kazi maktaba, na hata akiwaamuru watu ishirini, aliongea kana kwamba kuna wasomaji chumba cha pili.

Alijiandikisha papo hapo, wakaanza kwa kupasha mwili moto: kukimbia kuuzunguka mkeka, kuchuchumaa na kuinuka, kuruka kamba. Dakika ya sita Mama Mapazia aliishiwa pumzi. Akaenda benchini, akahesabu mpaka thelathini, akarudi. Akatoka tena, akarudi tena.

“Ukichoka, kaa,” mwalimu alimwambia.

“Nimeshakaa miaka thelathini, mwalimu. Imetosha.”

Walipoanza kupangwa wawili wawili, alimwona mtu amejibanza nyuma ya nguzo, anafunga mkanda uliokwisha kufungwa. Alikuwa mkwe wake, fundi umeme, mume wa binti yake wa pekee. Alikuwa na miezi minane katika judo, na ukumbi huo aliupenda kwa sababu, mji mzima, ndipo mahali pekee asipokutana na ndugu wa mke.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Kumbe mazoezi yenyewe ndiyo haya?”

“Ndiyo haya, mama. Umeleta mapazia?”

“Nimejileta mwenyewe.”

Mwalimu aliwapanga watu kwa mizani, na mizani haijui ukwe. Mama Mapazia mfupi mnene, kijana mrefu kama nguzo anazopanda kazini. Kila mmoja kilo sabini na nane. Wakawekwa pamoja.

Kesho yake hakuweza kuinua mkono kuchana nywele. Alizichana kwa kuinamisha kichwa, akacheka peke yake, akaenda kazini. Tangu hapo, kila akimaliza pindo moja alisimama na kuchuchumaa mara kumi, wateja wakitazama. “Umepoteza sindano?” mmoja aliuliza. “Natafuta magoti,” akajibu. Wiki ya tatu aliruka kamba dakika mbili mfululizo. Wiki ya sita alipiga pushapu kumi na mbili, akawa anaanguka chini kwa ubavu na kuinuka kama mtu aliyejikwaa kwa makusudi.

Tena alikuwa anashinda. Kila alipomshika mkwe ukosi na kugeuka, kijana alikwenda chini kama embe bivu. Jumapili moja alimhesabia binti yake kwa vidole: mara tisa. Binti alitazama sahani yake, akakaza midomo asicheke.

Alhamisi iliyofuata mkwe aliitwa kazini, na Mama Mapazia akapewa mwokaji mikate, msichana mwenye kilo sitini. Akamshika, akageuka kama alivyozoea. Msichana hakutikisika. Akajaribu tena, na tena, mpaka jasho likamwingia machoni. Hapo akaelewa kwamba zile mara tisa alikuwa hajamwangusha mtu. Alikuwa ameamkiwa tu.

Jumanne alimngoja mkwe ngazini, nje ya mlango.

“Baba, mimi ni yai?”

“Hapana, mama.”

“Basi mbona unanishika kama yai? Mara tisa umejiangusha.”

Kijana alitazama viatu vyake. “Mama, nikikuangusha wewe, Jumapili nitakula wapi?”

“Utakula kwangu. Usiponiangusha ndipo utakapokula kwa jirani.” Alipoona hatabasamu, akashusha sauti. “Sikiliza, mwanangu. Heshima yako naijua, huna haja ya kunionyesha kwa kulala chini. Hapa nimekuja kutafuta nguvu, na wewe unaninyima.”

“Nimekusikia, mama.”

Na kweli alisikia. Walipoinamiana mkekani na kushikana, kijana alimfagia mguu, Mama Mapazia akaona dari, halafu akasikia kishindo, halafu akajua kishindo ni chake. Mkwe alisimama amejishika kichwa.

“Tena,” Mama Mapazia akasema kutoka chini.

Jioni hiyo aliangushwa mara kumi na moja, na kila mara aliupiga mkeka kwa kiganja kama alivyofundishwa, akainuka. Alipokuwa akiinuka mara ya kumi na moja, mwalimu alipita akamnong'oneza, “Unashika vizuri kuliko wote hapa. Kwa nini unaachia?”

Kwa nini, kweli. Mara ya kumi na mbili alilishika koti la judo la mkwe kwenye mshono wa kwapa, mahali ambapo jicho la fundi lilikwisha kuona pameshonwa maradufu, hapachaniki. Kijana akavuta kujitoa. Vidole vile havikubanduka. Akavuta kwa nguvu zaidi, akasogea karibu mno, na Mama Mapazia akaingiza nyonga chini yake, akanyoosha magoti aliyoyatafuta wiki zote zile. Miguu mirefu ilipita juu, na jamaa akatua chali.

Alilala kidogo akitafuta pumzi.

“Hiyo sikukusaidia, mama,” akasema.

“Najua. Nimehisi uzito wako.”

Akamnyooshea mkono akamwinua. Kijana alijipapasa mgongo, akalikagua koti pale kwenye mshono, akashangaa.

“Ulinishika vipi pale? Nimevuta mpaka bega linauma.”

“Njoo nikuonyeshe. Leta mkono. Siyo hivyo, unashika kama waya wenye umeme. Kunja kitambaa kwanza, halafu ndipo ukaze.”

Wenzao walikwisha kwenda kubadilisha nguo. Wao wawili walibaki katikati ya mkeka, mama mkwe na mkwe, wakivutana ukosi.