Maziwa ya Chumba cha Vanishi

Siku hiyo mjinga alikuwa Mng'aro, na hata leo ukimuuliza hakatai. Anaomba tu usimuulize mbele ya mkewe.

Asubuhi alisimama katikati ya karakana ya samani, kanyanyua pakiti ya maziwa juu kama refa anayetoa kadi. Yeye ndiye mpulizaji wa vanishi. Jina la Mng'aro alipewa kwa sababu mlango wa kabati ukipita mikononi mwake, unaweza kunyolea ndevu mbele yake.

"Dawa ndiyo hii," aliwatangazia wenzake. "Yakishateremka, yanakwangua vumbi lote kifuani. Kesho unaanza na kifua kipya. Barakoa za nini? Kwani hapa tunapasua wagonjwa?"

Aliyemchokoza ni Dada Msasa, mwanamke anayelainisha mbao, ambaye kufikia saa nne nyusi zake huwa zimeota mvi za unga wa mbao. Alikuwa akiwaomba wenzake kitu kimoja: jioni tajiri mwenye karakana akija, wote wamwambie kwa sauti moja kwamba wanataka barakoa zenye vichujio, na dirisha la chumba cha vanishi lifunguliwe. Dirisha hilo lilikuwa limepigiliwa plaiwudi ili vumbi la barabarani lisije likanata kwenye vanishi mbichi. Kila walipolalamika, tajiri aliwajibu kwa maziwa. Zamani ilikuwa pakiti kubwa kwa kila mtu. Bei ilipopanda, ikaja ndogo.

"Pakiti imepungua," alisema Dada Msasa. "Vumbi je, nalo limepungua?"

"Wewe mwanamke unabishana na mambo ya wazee," alidakia Babu Randa, seremala mkongwe. "Wazee walijua vyakula. Mimi mama yangu hakugusa yai mimba nzima, nisije nikazaliwa na kipara."

Dada Msasa alimtazama utosini. Kilikuwa kinang'aa kuliko kazi yote ya Mng'aro.

"Na hicho ni nini, Babu?"

"Hiki nimekipata mwenyewe ukubwani!"

Walicheka mpaka kalamu ya risasi ikamdondoka Babu sikioni. Mng'aro naye alicheka, lakini hakushusha pakiti. Alikuwa na sababu ambayo hakuisema. Siku nyingi pakiti ile hainywi. Anaificha kwenye mfuko wa koti, anampelekea binti yake mdogo, ambaye alipewa jina la bibi yake, kwa hiyo Mng'aro humwita mama. Mama huyo humsubiri mlangoni kwake, na kabla ya shikamoo mkono umeshaingia mfukoni. Mng'aro aliona mbali: tajiri akibanwa anunue barakoa, atakata maziwa. Na mtu mwenye hofu ya namna hiyo atakuwa daktari, atakuwa profesa, atakuwa chochote, ili mradi maziwa yabaki.

"Haya, daktari," Dada Msasa alisema, safari hii bila kucheka. "Baba yangu alibeba saruji ghalani maisha yake yote. Naye alipewa maziwa kila siku, hakukosa hata siku moja. Kifua kikamwisha. Tulimzika na mifupa imara kweli kweli."

Hapo mwenye akili angeomba radhi, akashika kazi yake. Mng'aro alikuwa ameshaumbuka mbele za watu, na akili yake ilikuwa imeshatoka kwenda kunywa chai.

"Leo nitawaonyesha!"

Akang'ata pakiti yake, akagugumia. Akapokonya ya Babu Randa, nayo akaimaliza. Kisha akafungua kipande cha fulana kuukuu ambacho hujifunga puani kila siku, akakitupa chini, akaingia chumba cha vanishi na kuufunga mlango.

Kompresa ya kupulizia vanishi ikaunguruma. Mwanzoni walimsikia akiimba. Baadaye wimbo ukapoteza maneno, ukabaki mlio. Halafu na mlio ukapotea.

Dada Msasa aliweka msasa chini. "Babu, kimya hicho sikipendi."

Hawakufika mlangoni. Mng'aro alitoka mwenyewe, akitembea kama mtu aliyesahau mguu upi unaanza. Akafika uani, akashika ukuta, akatapika. Maziwa yalitoka meupe, kama yalivyoingia. Kisha akapenga kamasi kiganjani, na wote watatu wakainama kutazama. Lilikuwa jekundu la kahawia, rangi ileile ya milango aliyokuwa akiipuliza.

"Kaka," alisema Dada Msasa taratibu, "naona hao wawili, maziwa na vanishi, hawakukutana njiani."

Mng'aro alitaka kucheka, ikatoka kikohozi kirefu kilichomkalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa. Dada Msasa akamletea maji, akampepea kwa kipande cha kadibodi. Macho yalipoacha kuzunguka, Mng'aro aliuliza kwa sauti ndogo:

"Sasa mama atakunywa nini?"

"Mama yupi tena?"

Ndipo akawaeleza habari ya mfuko wa koti.

Dada Msasa aliacha kupepea. "Loo, wewe! Ungesema tangu asubuhi tusingegombana. Maziwa yanajenga mtoto, nani amebisha? Anywe, tena anywe sana. Yeye mapafu yake hayana vanishi. Sisi tunadai vyote viwili. Mtoto anataka maziwa, na anataka baba wa kuyaleta."

Babu Randa alichukua nyundo yake ya kung'olea misumari, akaingia chumba cha vanishi, na punde wakasikia plaiwudi ikilia. Mwanga ukaingia ndani kwa mara ya kwanza tangu Mng'aro aanze kazi pale. Sakafu ilikuwa nyekundu. Kwenye kona kulikuwa na utando wa buibui uliokauka kwa vanishi, unameta kama pambo la dukani.

"Buibui mwenyewe yuko wapi?" aliuliza Babu.

"Alishahama," alijibu Dada Msasa. "Yeye hakungoja maziwa."

Akatafuta pazia jepesi kuukuu, akalilowesha, akalitundika dirishani. Upepo ukapita, vumbi la barabarani likanasa kwenye kitambaa. Mng'aro alisimama mbele ya dirisha akivuta pumzi, akishangaa kwamba ni bure.

Tajiri alikuja jioni. Alipofika kwenye kizingiti cha chumba cha vanishi alifanya kama afanyavyo siku zote: alichomoa kitambaa safi mfukoni, akaziba pua, akaingia.

"Nani kafungua dirisha?"

"Sisi," walijibu watatu.

Alipitisha kidole kwenye mlango wa kabati uliokuwa ukikauka, akakitazama, akapitisha tena mahali pengine. Hakupata vumbi. Hilo likamuudhi zaidi.

"Tunaomba na barakoa, tajiri," alisema Dada Msasa. "Zenye vichujio. Mwenzetu leo nusura atuage."

"Barakoa! Mnajua zinauzwaje siku hizi? Mimi siwatupi, kila siku nawaleteeni maziwa. Tangu enzi za marehemu baba yangu wapulizaji wanakunywa maziwa. Yanasafisha kifua, kila mtu anajua." Akamgeukia Mng'aro, sauti ikipita kwa shida nyuma ya kitambaa. "Si ndiyo, Mng'aro? Wewe ndiye mtaalamu wao. Hebu waambie!"

Wote wakamgeukia. Babu Randa aliangalia chini. Mng'aro aliinuka kwenye ndoo aliyokuwa ameihamishia dirishani, akaichukua pakiti ya Dada Msasa ambayo ilikuwa haijafunguliwa, akamnyooshea tajiri kwa mikono miwili.

"Kweli kabisa, tajiri. Basi toa hicho kitambaa puani, unywe."