Mgonjwa wa Kihesa

Sheria ni msumeno, na Mama Rozalia ndiye aliyeshika mpini. Mwaka 1956, alipofanywa Mwafrika wa kwanza kuwaongoza masista wa nyumba ile ya Iringa, wapo waliongoja ateleze. Hakuteleza. Kanuni ilisema sista aliyeweka nadhiri hakanyagi tena kizingiti cha kwao: atauguza wagonjwa wa mji mzima, ila si wa damu yake. Kwaresima iliyopita Sista Skolastika alipiga magoti akiomba kwenda Mbeya, mama yake yu mahututi. Mama Rozalia alimjibu, "Mwanangu, mtolee Mungu sadaka hiyo." Mama yule akazikwa bila bintiye.

Sasa Ambrosi, mdogo wake Rozalia, alikuwa amesimama sebuleni, kofia mkononi.

"Dada, mama hafiki kesho. Anakuita wewe tu. Ni hapo tu Kihesa."

Hapo tu. Dirishani Mama Rozalia aliuona moshi wa majiko ya kwao. Na nani angemzuia? Ruhusa zote alizitoa yeye. Lakini angejipaje kile alichomnyima mwenzake? Alitamani kupiga mayowe, avue shela, akimbie peku mpaka nyumbani. Badala yake alimwita Skolastika, maana zamu ya kutembelea wagonjwa ilikuwa yake.

"Kuna mgonjwa Kihesa," alisema. "Ni mama yangu."

Skolastika alimtazama kidogo. "Ndiyo, Mama," akasema, akachukua kikapu chake na kufuatana na Ambrosi.

Mama Rozalia alishinda kanisani. Sala alizijua zote, hata moja haikutoka. Alimwonea wivu Skolastika kwa kila hatua ya njia ile, akajichukia kwa wivu huo.

Jioni Skolastika alirudi, akapiga magoti kando yake.

"Amepumzika, Mama. Macho yalikuwa hayaoni tena. Alinishika mkono, akaniita Rozalia."

"Ukamjibuje?"

"Niliitika. Nikasema, 'Abee mama, nimekuja.' Akatulia, akaenda."

Mama Rozalia aliushika mkono ule, akaubana shavuni, akalia kwa kwikwi. Ulinukia mafuta ya mbono aliyojipaka mama yake siku zote. Skolastika hakuuondoa. Alimngoja alie mpaka atulie, kisha akauliza taratibu, bila ugomvi:

"Na wangu, Mama, alipoita, aliitikiwa na nani?"