Taa ya Kushoto

Makame Haji alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita, mgongo mbovu na malori mawili, na Jumamosi ile alikuwa anatoka nyumbani kwake Tunduma kwenda kuchagua gari la kujifurahisha. Si la mzigo, si la abiria, si la kubebea maharusi. La kujifurahisha. Mkewe, Siti, alipolisikia neno hilo alilitafuna pamoja na chapati, akalimeza, ndipo akauliza.

"Baba Fauzia, kujifurahisha vipi? Miaka ishirini na minne umekaa kwenye usukani, hukushiba?"

"Ile ilikuwa kazi."

"Basi nunua Noah, tupande sote."

Jibu la kweli Makame asingeweza kulitoa. Siti na mji mzima walijua kwamba aliacha kuendesha miaka mitatu iliyopita kwa ajili ya mgongo. Mgongo ulikuwa unauma, ndiyo, lakini mgongo haumfanyi mtu mzima atokwe na jasho viganjani kila akishika usukani. Mtu huyu alikuwa anaipenda barabara kuliko chakula. Sasa alitaka kujua kama mapenzi yale yamekufa kabisa au yamezimia tu, na alitumaini kwamba gari ambalo halina kazi yoyote duniani ila kukimbia lingeyazindua.

Kilichoyazimisha alikijua yeye peke yake. Madereva wa malori wana lugha yao ya taa. Gari dogo likiwa nyuma ya lori halioni mbele, basi aliye juu humsaidia aliye chini. Akiwasha indiketa ya kulia anamwambia tulia, kuna gari linakuja. Akiwasha ya kushoto anamwambia pita, kweupe. Hakuna sheria iliyoandika hivyo, lakini kila siku watu huweka roho zao kwenye taa hizo na kufika salama.

Siku ile Makame alikuwa amebeba shaba kutoka Zambia, anapanda mlima upande wa Mbozi, na nyuma yake gari dogo lilikuwa linapiga honi, linapiga honi. Akakereka. Akawasha taa ya kushoto ili liondoke tu, hata mbele hakutazama sawasawa. Gari lilipofika ubavuni kwake, basi likachomoza kwenye kona. Kama angekanyaga breki, yule angepata nafasi ya kuingia mbele yake. Hakukanyaga. Katika gari lile alifia Ketrina, mke wa mwalimu Fanuel wa Itaka, na Fanuel mwenyewe, aliyekuwa anaendesha, akatolewa akiwa mzima.

Trafiki alipouliza, Fanuel alisema alipewa taa ya kushoto. Makame akasema alimpa ya kulia. Mahakamani Fanuel akapatikana na kosa, akanyang'anywa leseni, na ukweni kwake wakamwita muuaji. Makame naye akajitafutia maneno ya kujituliza: kila dereva ana macho yake, Fanuel angejisogeza kulia kidogo angejionea mwenyewe. Maneno hayo aliyanywa kama dawa ya hospitali, kutwa mara tatu, na usingizi ukawa unampitia hivyo hivyo.

Kwenye yadi ya magari, Brayson, mwenye yadi, alimpokea kwa bashasha ya mtu ambaye wiki nzima hajauza kitu. Alimwonyesha gari kubwa la kijivu, la milango minne, otomatiki, lenye injini ya kutisha na viti vya ngozi.

"Mzee Makame, hili linajiendesha lenyewe. Linapunguza mwendo lenyewe, linaegesha lenyewe."

"Na mimi nitakuwa nafanya nini?"

"Wewe unakula raha, mzee wangu."

Makame alilizungusha gari lile mara mbili hadi barabarani na kurudi. Lilikuwa tulivu kama kochi la sebuleni. Viganja havikutoka jasho hata tone, na moyo nao haukushtuka wala kufurahi. Alishuka akasema ni gari zuri, kwa sauti ya mtu anayesifia mboga ya jirani.

Ndipo Gloria alipoingia na lake. Gloria alikuwa wakala wa forodha pale mpakani, dada wa miaka thelathini na ushei, na gari lake lilikuwa jekundu, la viti viwili, gia za mkono, fupi kiasi kwamba mbuzi angeweza kuchungulia juu ya paa. Brayson alikuwa amekubali kumtafutia mteja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unaliuza?"

"Lina viti viwili, na mimi Mungu amenipa mapacha." Alicheka, lakini macho yalibaki kwenye gari. "Usilipapase tu, mzee. Liendeshe. Twende mpaka Vwawa turudi."

Kuingia tu ilikuwa shughuli. Makame alianza na kichwa, ikashindikana, akatanguliza mguu, mgongo ukalia, mwishowe akadondoka ndani na kujiona amekaa sakafuni. Maisha yake yote ya udereva alikuwa ametazama dunia kutoka juu, anaona mapaa ya magari ya watu. Sasa hata magurudumu ya malori yaliyopanga foleni ya mpakani yalikuwa yanamzidi kimo. Viganja vikaanza kulowa. Akavifuta kwenye suruali.

Walipolipita eneo la Mpemba na barabara ikafunguka, jambo likatokea. Gia ilikuwa fupi, inaingia kwa mkunjo mdogo wa kiganja, na gari liliitikia kabla hajamaliza kuliomba. Kona ya kwanza aliiingia kwa woga. Ya pili aliiingia vizuri. Ya tatu akajikuta anatabasamu peke yake. Alikuwa na furaha, furaha ya wazi isiyo na haya.

"Nilijua," Gloria akasema. "Linakufaa."

Kisha wakalikuta lori.

Lilikuwa na tela ndefu, linapanda mlima kwa kujikongoja, moshi mweusi unatoka. Makame akapunguza gia na kukaa nyuma yake. Mbele hakukuwa na kitu ila bodi ya nyuma ya tela, matairi na taa mbili. Nyuma yao kulikuwa na gari jingine, na nyuma ya hilo jingine.

Taa ya kushoto ya lori ikaanza kupepesa.

Makame hakwenda.

"Umepewa taa, mzee," Gloria akasema.

"Nimeiona."

"Basi ovateki."

Alijisogeza kulia kidogo ajionee mwenyewe, kama alivyosema kwa miaka mitatu kwamba Fanuel angeweza kufanya. Akaona tairi. Akasogea zaidi mpaka gurudumu likagusa mstari wa katikati, akaona tairi jingine, na vumbi, na ukingo wa barabara. Hakuona kitu kingine. Akarudi. Akajaribu tena, hakuona. Kutoka chini pale hakukuwa na macho ya kutosha, hata angekuwa nayo manne. Kulikuwa na ile taa tu, na mtu asiyemjua aliyekaa juu.

Basi hivi ndivyo alivyokuwa amekaa mwalimu. Ile dawa yake ya kutwa mara tatu ilimwishia nguvu palepale.

Gari la nyuma likapiga honi. Taa ya kushoto ikapepesa tena, kwa subira. Gloria alikuwa amegeuka anamtazama, na sasa sauti yake ilikuwa ya upole. "Mzee, unaumwa? Nishike usukani mimi?"

"Hapana."

Akashusha gia, akakanyaga mafuta, akatoka.

Gari liliruka. Walifika kwenye tela, wakafika katikati ya tela, na barabara mbele ilikuwa nyeupe kweli, yule bwana hakudanganya. Halafu pikapu iliyosheheni magunia ya kahawa ikatoka kwenye njia ya shambani, upande wa kulia, bila kutazama, na kuingia barabarani ikiwaelekea uso kwa uso.

Gloria aliita jina la mama yake. Makame alikuwa ameshachelewa kurudi nyuma, maana nafasi ile ilikwisha kujazwa na gari la nyuma, na lori lilikuwa bado ubavuni kwake. Akili yake ilijua jambo moja tu: huyu wa juu amebeba mzigo mzito, anapanda mlima, hatakanyaga breki. Hakuna anayekanyaga. Yeye mwenyewe hakukanyaga.

Breki za upepo zikalia. Lori zima likatetemeka, likajizuia pale pale mlimani, na mbele yake pakafunguka nafasi. Makame akajipenyeza ndani yake. Pikapu ikapita ikiwa inapiga honi, karibu kiasi kwamba aliona uso wa dereva ulivyosawajika.

Alikwenda mbele kidogo, akaegesha pembeni, akazima injini. Huku nyuma lori lilihangaika. Liliunguruma, likarudi nyuma nusu hatua, likaunguruma tena, likaanza kupanda kwa mwendo wa mtoto anayejifunza kutembea. Lilipowapita, Makame aliona mzigo wake, mabamba ya shaba yamefungwa minyororo. Dereva, kijana mwenye kofia ya sufu, hakutukana. Aliinua kiganja tu, akaendelea na safari yake.

Makame akalia. Hakujificha wala hakusingizia vumbi. Alilia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake, ndani ya kigari chekundu.

"Pole, mzee," Gloria akasema, mkono wake umeshika kifua chake mwenyewe. "Tushukuru. Tumepona. Nilirudishe mimi Tunduma?"

"Gari nimelichagua," Makame akasema. "Nalitaka hili. Lakini kwanza nipeleke Itaka."

"Itaka? Kwa gari hili? Mzee, kule barabara italing'oa tumbo!"

"Kuna mtu nilimsingizia. Nikirudi nyumbani leo sitakwenda tena, najijua."

Gloria alimtazama sana, kisha wakabadilishana viti. Njiani Makame alimweleza yote: honi, kukereka, taa, breki, uongo. Alipoanza kusimulia walikuwa bado kwenye lami. Walipoingia barabara ya vumbi, mawe yakaanza kukwaruza chini ya gari, krr, krr, na Gloria kila mara alikuwa akiuma meno. Makame alipofika kwenye kifo cha Ketrina, Gloria akaacha kuyasikiliza mawe.

"Watakufunga," alisema.

"Huenda."

"Na mkeo anajua?"

"Hajui."

Mara mbili Makame alitaka kumwambia ageuze. Alifikiria selo, akafikiria malori yake kukosa mizigo, akafikiria uso wa Siti. Mara zote mbili alifumba mdomo kwa nguvu, akashika mkanda wa kiti kama abiria mgeni. Itaka waliulizia nyumba ya mwalimu kwa mama mmoja aliyekuwa anaanika mahindi, akawaonyesha bila maneno mengi, macho kwenye gari.

Fanuel alikuwa barazani anaziba pancha ya baiskeli. Alikuwa amekonda. Alimtambua Makame kabla hajamaliza kujikwamua kutoka kwenye gari, akaweka chini gundi, akasimama. Hawakusalimiana.

"Mwalimu," Makame akasema. Akashika mgongo, akanyooka. "Mwalimu, siku ile nilikupa taa ya kushoto. Nilisema uongo. Jumatatu nitakwenda polisi niseme hivyo hivyo, na kwa wakwe zako nitakwenda nikaseme."

Fanuel hakuonyesha mshangao wowote. Alijifuta vidole kwenye kitambaa, kimoja kimoja.

"Mimi najua ulinipa taa ipi," alisema. "Niliiona. Si mimi unayetakiwa kuniambia." Akageukia mlangoni. "Angel!"

Akatoka binti wa miaka kumi na sita hivi, na sketi ya shule, amefanana na mtu ambaye Makame alikuwa amemwona mara moja tu, barabarani, amefunikwa khanga. Hakumtazama baba yake. Alisimama upande wa pili wa baraza, mbali naye.

"Huyu ni bintiye Ketrina," Fanuel akasema. "Tunakaa nyumba moja, anapika, anafua, anasoma. Tangu tulipozika hajaniamkia hata siku moja. Mwambie."

Makame akamwambia. Ilikuwa ngumu mara mbili kuliko mwanzo, na hakuacha kitu. Binti alisikiliza, kichwa amekiinamisha. Makame alipomaliza, binti aliuliza swali ambalo trafiki hakuliuliza, wala hakimu.

"Baba alipokuwa pembeni yako na basi linakuja, kwa nini hukushika breki?"

"Nilikuwa nimebeba shaba, napanda mlima," Makame akasema. "Sikutaka kupoteza mwendo."

"Basi?"

"Ndiyo hivyo tu, mwanangu. Hakuna sababu nyingine."

Angel akavuka baraza, akapita kando ya baiskeli iliyolala, mpaka mbele ya baba yake. Akapiga goti kidogo, kama wafanyavyo mabinti wa huko.

"Shikamoo, baba."

Fanuel akamwekea kiganja kichwani.