Taa Juu ya Mkia

...na bado ananisubiri, namsikia anavyopumua nyuma ya bega langu, huyu mwanafunzi wangu tunayemwita Twiga kwa urefu wake, "Mwalimu, taa ipo au haipo?", anauliza polepole kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa, nami nimeinamia hadubini, nazungusha kigurudumu cha pembeni, mbele, nyuma, mbele tena, na ninachokiona ni ukungu, na ndani ya ukungu kitu kama kidole kilicholowa, ndiye huyo, samaki-taa, ninayefundisha habari zake tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, mchana anakaa chini kabisa kwenye baridi na giza, usiku anapanda kula vidudu vinavyoelea, kabla hakujapambazuka ameshateremka, na tumboni ana vitaa vimepangwa kama vifungo vya shati, vinawaka kiasi kile kile cha mwanga unaotoka juu ili adui aliye chini yake asione kivuli, na huyu wa aina hii, dume ana taa juu ya mkia, jike chini ya mkia, jamani, hilo hata mwaka wa kwanza wanalijua, juu au chini, basi, na mimi sioni juu wala chini... "Huyu wavu haukumchubua, Mwalimu, hata magamba yake yapo," anasema, ananibembeleza, maana juzi aliniletea sanduku zima la samaki, madume aliyoyapata kwenye kina kirefu kuliko majike, utafiti wake wote umesimama hapo, nikatazama, nikasema hawa wote majike, hakuna taa juu ya mkia, rudia kazi, akasema "sawa, Mwalimu", akatoka anafuta pua kwa mkono wa koti jeupe, na hakubisha, hilo ndilo linaloniunguza uso sasa hivi, kwamba hakubisha, aliyaamini macho yangu kuliko yake... "Labda taa ya hadubini ni hafifu?" Labda, binti yangu, labda, jana niligomba kwamba balbu ni mbovu, wakaniletea mpya, nikasema hata hii mbovu, na sauti iliyonitoka ilikuwa ya baba, baba yangu fundi cherehani, "nyuzi za siku hizi hovyo kabisa," akilamba uzi, akilikosa tundu la sindano, akilamba tena, mpaka akamshonea mjomba suruali ya harusi, mguu mmoja mfupi, bwana harusi akakaa kitini sherehe nzima miguu ameificha chini ya meza, watu wakacheka mpaka machozi, rafiki zangu wakaniuliza nani kashona kituko kile, nikasema simjui, na baba amesimama pale pale, na shati lake safi, anatabasamu, hakuona hata kwamba anachekwa... si kweli, aliona, hilo aliliona vizuri... angeniambia tu, mwanangu, sioni, ningemtungia uzi kila siku kabla ya shule, ningekaa miguuni pake, lakini hakusema mpaka anakufa, na mimi nilidhani ni kiburi, kumbe hivi ndivyo inavyokuwa, shingo inawaka, unamwomba Mungu mtu aite mlangoni, nikisema "haipo" atainama, atasema sawa, atakwenda kuharibu kazi nzuri kwa ajili ya ukungu wangu, "Mwalimu? Nirudi baadaye?"... hapana, usirudi baadaye, usiende popote, subiri, nitakwambia ukae wewe kwenye kiti hiki, nitakwambia, mwanangu, mimi sioni, nisomee mkia wa samaki huyu, na madume yale ya juzi nayo, lete sanduku lote, si kwamba hayakuwa na taa, ni macho yangu hayakuziona, na lolote utakaloliona leo nitaliandika na kuweka sahihi chini ya jina lako, bado nimeinama, bado hajui, mkono wangu umeshakiacha kigurudumu...