Kikombe cha Nje

Kila asubuhi huko Fizi, kabla ya kengele ya shule ya wasichana, Mukarurangwa alishuka kutoka malishoni na kibuyu cha maziwa. Godelieve, mwalimu kijana aliyetoka Baraka, kando ya ziwa, alimpokea mlangoni, akamtekea maji kwa kikombe cha bati kilichoning'inia msumarini nje. Kisha walipiga soga. Mama huyu ndiye mtu mzima pekee ambaye Godelieve aliweza kuzungumza naye bila sauti kutetemeka. Kumpoteza kungekuwa kurudi kuzungumza na kuku.

Vikombe vya ndani vilikuwa vya wageni. Kwamba Mukarurangwa hakuhesabiwa mgeni, Godelieve hakuwahi kulisema, hata moyoni. Kikombe kilikaa nje kwa ajili ya hewa safi, basi. Darasani alifundisha kwamba watu wote ni ndugu, na alilifundisha vizuri sana, kwa picha.

Asubuhi moja, kibuyu hakijafunguliwa, gari likasimama uani. Madamu, mke wa bwana shamba Mbelgiji, alikuja kukagua nyumba za walimu bila taarifa. Mukarurangwa akasogea kando. Godelieve akatoa kikombe chenye ukingo wa dhahabu, akamimina chai.

"Asante, sina kiu," Madamu alisema kwa upole, jasho likimtiririka. Kisha, akidhani haonekani, akatoa chupa ya maji mkobani na kikombe chake mwenyewe, akanywa.

Godelieve aliutambua upole ule kama mtu anayeliona gauni lake limevaliwa na mwingine. Hata tabasamu lilishonwa na fundi yule yule.

Gari lilipoondoka, alikiosha kile cha dhahabu, akakijaza maji, akakipeleka mlangoni kwa mikono miwili kama padri. Alijiona mtakatifu kabisa.

Mukarurangwa akakinusa.

"Aa, Mwalimu! Hiki iko na harufu ya ndagala."

"Lakini nimekiosha, Mama!"

"Harufu ya samaki haitokake. Mi nikunywe humu, kisha nikamue? Ng'ombe zitakausha maziwa! Lete kile changu cha inje. Nyumbani mi nasemaka: huyu mutoto wa ziwani, hata kama kwao banakulaka samaki, iko na heshima. Alinitengea kikombe safi."

Uongo mzuri namna hiyo, tena umeletwa mpaka mlangoni pamoja na maziwa! Godelieve alihitaji kunyamaza tu, na katika kunyamaza hakuwa na mshindani Fizi nzima. Alikitungua kikombe cha bati, akakijaza, akamtazama mama wa watu akinywa kwa raha zake.

Sauti yake ikaanza kutetemeka, hata mbele ya huyu.

"Hapana, Mama. Haikukuwa heshima. Nilikitundika inje sababu nilikuwa nakuona muchafu."